Kuonewa, Kuonewa Huruma na Kuonana: Mzizi -on- katika Simulizi ya Mtoto Mpweke Shuleni
Mzizi -on- unaweza kubeba safari nzima ya mtoto mpweke shuleni. Tuchunguze sentensi tatu:

(1) Wenzake walimwonea.
(2) Mwalimu alimwonea huruma.
(3) Siku moja alionana na mwanafunzi mgeni.

Katika (1) na (2) kitenzi kimo katika kauli ya kutendea, na mtoto ni yambwa. Nomino huruma imegeuza maana ya kitenzi, lakini haikugeuza nafasi ya mtoto: bado ni wa kutendewa. Katika (3), kiambishi -an- chadai pande mbili, na mtoto anakuwa kiima kwa mara ya kwanza. Msimulizi anayeishia kwenye huruma humwacha mtoto pale pale alipoonewa; urafiki huanza naye anapoona.