Je, tulikwenda kuona?

Juzi nikipita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, spika la mfanyabiashara mmoja lilikuwa likipiga singeli. Nikaongeza mwendo, kama kawaida yangu. Kelele za vigodoro!

Lakini mwaka 2017 nyimbo za vijana wa studio ya Sisso, huko Mburahati, zilikusanywa katika albamu Sounds of Sisso. Waliotoa ni Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliyoanzishwa na watu waliotoka Ulaya. (Kwetu jina hilo halitamkiki madhabahuni, kwa Kiganda ni hamu ya kucheza isiyozuilika.) Tangu hapo muziki huo, unaopita mapigo 200 kwa dakika, umechezwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Wageni walifika uswahilini, wakakaa, wakasikiliza. Mimi jirani nilifunga dirisha.

Nathanaeli naye alitilia shaka kama Nazareti ingetoa chochote chema (Yohana 1:46). Filipo hakubishana, alimwambia tu aje aone. Na Nathanaeli, pamoja na dharau yake, alikwenda.

Sitetei matusi, yapo katika baadhi ya nyimbo hizo. Ila mwaka jana mpiga kinanda wa kwaya yetu aliondolewa kwa sababu anatengeneza singeli nyumbani. Nilikuwemo kikaoni. Hakuna aliyeomba kusikia hata wimbo mmoja, nami nilinyamaza.

Jana nilimpigia simu, hakupokea. Nimemwandikia ujumbe: mwanangu, naomba nije nisikilize. Bado hajajibu.