Rangi Haiponyi Ukuta: Ukarabati wa Nyumba Kabla ya Kuiuza

Katika miji ya mwambao wa Tanzania ziko nyumba nyingi zilizojengwa na wazazi wakati watoto wao walipokuwa wadogo. Watoto wanapokua na kwenda kujitegemea, vyumba hubaki vitupu, na wazee huona afadhali kuiuza nyumba hiyo na kuhamia katika nyumba ndogo isiyohitaji matunzo mengi. Mara nyingi nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote walizo nazo. Ili ipate bei nzuri, hutoa sehemu ya akiba yao, pengine ya kiinua mgongo, wakamwita fundi aipige lipu na kuipaka rangi upya.

Methali isemayo "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" yaelekea kuwaunga mkono. Lakini yako mambo ya kisayansi ambayo, yasipofahamika mapema, huifanya fedha hiyo ipotee katika msimu mmoja wa mvua. Adui mkubwa wa nyumba ya mwambaoni ni maji, nayo hufanya kazi yake chini ya rangi.

Jinsi maji yanavyopanda ukutani

Tofali la saruji, lipu na hata zege huonekana kuwa vitu visivyopitisha kitu, lakini kwa hakika vimejaa vijia vyembamba visivyoonekana kwa macho. Maji ya ardhini huvipanda vijia hivyo kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa kibatari. Nyumba iliyojengwa vizuri hukingwa kwa utando wa lami au plastiki unaolazwa juu ya msingi kabla ya kuta kuinuliwa. Pale ambapo utando huo haukuwekwa, au umekatika, au udongo wa nje umerundikana mpaka ukaupita, ukuta hulowa kutoka chini, kwa kawaida mpaka kimo cha mita 1 hivi.

Maji hayo hupanda pamoja na chumvi. Chumvi hiyo hutoka ardhini, hutoka katika upepo wa baharini, na pengine hutoka katika mchanga wa ufukweni au maji ya kisima yaliyotumika kuchanganyia saruji. Maji yafikapo kwenye uso wa ukuta hugeuka mvuke na kwenda zake, chumvi ikabaki. Chumvi ya kawaida huvuta unyevu na kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75 hivi; unyevu ukishuka chini ya kiwango hicho, hukauka na kuwa fuwele, yaani chembe ngumu zing'aazo. Mwambaoni kiwango hicho huweza kuvukwa kila siku: alfajiri chumvi huyeyuka, alasiri hukauka. Kila ikaukapo, fuwele zake husukuma kando za vijia. Hivyo ndivyo lipu inavyogeuka unga na rangi inavyobambuka.

Mtu apakapo rangi ya mafuta juu ya ukuta wa namna hiyo huziba njia ya mvuke. Maji hayapungui; hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, au hufanya malengelenge nyuma ya rangi. Nyumba iliyopakwa mwezi wa Februari na kupendeza yaweza kuanza kubambuka kabla masika hayajaisha.

Kutu ndani ya zege

Zege jipya lina alkali nyingi, na hali hiyo huikinga nondo isipate kutu. Miaka ipitapo, kaboni dioksidi iliyomo hewani huipunguza alkali hiyo, na chumvi ikiifikia nondo huuvunja ukingo wake. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara 2 hadi mara 6, na kwa hiyo hulipasua zege kutoka ndani. Ufa unaofuata mstari wa nondo, hasa wenye madoa ya kahawia, hautibiki kwa kupakwa saruji juu. Hupasa kuondoa zege lililolegea, kuisugua nondo mpaka ing'ae, kisha kurudishia zege jipya. Ikiwa ufa uko katika nguzo au boriti ya zege, ni lazima mhandisi aukague kwanza, kwani hapo jambo si bei tena bali ni uhai wa watakaolala chini yake.

Kupima kabla ya kutumia fedha

Viko vipimo vichache visivyohitaji mitambo. Kipande cha nailoni kikibandikwa ukutani kwa gundi pande zote nne na kuachwa siku 2, matone yakionekana upande wa ukuta, unyevu watoka ndani ya ukuta. Yakionekana upande wa chumba, watoka hewani, na dawa yake ni madirisha. Lipu ikigongwa kwa kidole ikatoa mlio wa kitu kitupu, imekwisha kuachana na tofali. Ufa utiwe alama za penseli kando zote mbili, umbali upimwe na tarehe iandikwe; baada ya miezi 3 itajulikana kama bado unapanuka. Usiku bomba zote zifungwe na mita ya maji isomwe. Ikiwa asubuhi tarakimu zimebadilika, yako maji yanayovuja mahali pasipoonekana.

Baada ya hapo kazi hufuata njia ya maji: kwanza bati na mifereji ya paa, pili udongo wa nje uteremke kuelekea mbali na msingi, tatu bomba zinazovuja, nne utando wa msingi. Ukuta uachwe ukauke, hata kama itachukua miezi kadhaa. Ndipo lipu iliyooza ibanduliwe, mpya ipigwe kwa mchanga usio na chumvi, na mwisho ipakwe chokaa au rangi nyingine inayopitisha mvuke.

Wazee wasio na fedha ya kutosha kwa yote hayo ni heri watengeneze paa na mifereji, na kumweleza mnunuzi hali ya ukuta waziwazi. Bei itapungua kidogo, lakini akiba yao haitakuwa imezikwa ndani ya lipu itakayoanguka. Naye mnunuzi atajua tangu siku ya kwanza ni wapi pa kuanzia kazi.