Fahamu: Kuiseb, mto wa Namibia ulio mkavu karibu mwaka mzima

Kuiseb huanzia nyanda za juu za Khomas, karibu na Windhoek, na kuelekea magharibi. Ndani ya korongo lake hupokea tawimto wa Gaub. Baada ya hapo ni jangwa la Namib tu, linaloyanywa maji yake.

Kusini mwa mto kuna vilima vya mchanga, kaskazini uwanda wa changarawe. Upepo huumwaga mchanga mkondoni, kisha mafuriko hufika yakisukuma povu, vijiti na samadi, na kuusomba. Bila mafuriko hayo vilima vingevuka.

Maji hufika Atlantiki kwa nadra. Mengi huzama, yakinywesha migunga na kujaza visima vinavyohudumia mji wa Walvis Bay, hivyo mabwawa ya mashamba ya juu, yanayozuia maji hayo, yanastahili kudhibitiwa.