Jalidi haianguki kama mvua, inaota palepale kwenye jani

Msimu wa baridi umeingia, na kila mwaka kipindi hiki kutoka Njombe na Makete kilio ni kilekile: "Bwana shamba, barafu imeangukia viazi usiku, vyote vimeungua." Uchungu wake naujua. Mbegu na mbolea mtu kachukua kwa mkopo, anategemea kinyungu kimtoe kiangazi hiki. Lakini hilo neno "imeangukia" ndilo linalotupoteza. Jalidi, au sakitu kama wengine mnavyoiita, haianguki. Inaota hapohapo juu ya jani, na ukishajua inavyoota utajua upande wapi, na ufanye nini mchana kabla hakujaharibika.

Mchana udongo na majani hupokea joto la jua. Usiku hulirudisha angani. Mawingu yakiwepo ni kama blanketi. Anga likiwa wazi, nyota zinameta na upepo umetulia, jani linapoteza joto mpaka linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka, pengine kwa nyuzi 2 hadi 4. Ndo maana simu inakwambia nyuzi 3 na asubuhi unakuta shamba limeungua. Vituo vya hali ya hewa hupima joto la hewa karibu mita moja na nusu juu ya ardhi, ndani ya kibanda. Kiazi chako kiko chini, tena wazi. Nunua kipimajoto cha bei rahisi, kifunge kwenye kijiti usawa wa majani, usikifunike.

Sasa jani likishuka chini ya sifuri, mvuke wa hewani ukiligusa unageuka barafu moja kwa moja bila kupitia maji. Wakati mwingine umande hutangulia ndipo unaganda. Chembe ya kwanza ikishika, nyingine zinajengea juu yake. Ukiangalia vizuri asubuhi, weupe umejaa kwenye kingo za jani, ncha na vinyweleo, maana hizo ndizo zinazochomoza kwenye hewa yenye mvuke na kupata mgao wa kwanza. Ni kama barafu inayoota ndani ya friji la zamani, kila mlango ukifunguliwa inaongezeka.

Ila huo weupe sio muuaji. Mvuke ukiganda unaachia joto, kwa hiyo unachelewesha kidogo jani kupoa. Kinachoua ni barafu ya ndani. Tone dogo la maji safi kabisa linaweza kupoa hadi karibu nyuzi -38 bila kuganda, linahitaji kitu cha kuanzia. Juu ya majani wapo bakteria, maarufu ni Pseudomonas syringae, wanaoweza kuanzisha barafu kwenye nyuzi -2 hivi. Ikianza katikati ya seli, inavuta maji ya ndani ya seli mpaka zinasinyaa na kuharibika. Jua likitoka, jani linalegea kama limechemshwa, baadaye linakuwa jeusi. Hewa ikiwa kavu sana hutaona weupe wowote na shamba litakufa vilevile. Usiku wa namna hiyo mimi nauogopa zaidi.

Halafu kuna suala la eneo. Hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji mpaka bondeni, na vinyungu viko bondeni. Yaani palepale penye maji ya kiangazi ndipo baridi inapolala. Miche ya parachichi usiipeleke huko chini kabisa, panda katikati ya mteremko. Na kama una uzio mnene wa miti upande wa chini wa shamba, fungua upenyo, unaifungia baridi ndani.

Ukiona jioni anga limekuwa jeupe na upepo umekufa, udongo uwe umeshalowa tangu mchana, maana udongo wenye unyevu hutunza joto. Wiki hiyo usipalilie wala kuongeza matandazo, udongo uliolegea na nyasi kavu huzuia joto la chini lisipande. Kitalu kifunike kabla jua halijazama, turubai isiguse majani. Kuchoma nyasi ili moshi ufunike shamba? Acheni, moshi hauzuii joto kupotea.

Wenye mitambo ya kunyunyizia maji juu ya mimea, sikilizeni vizuri. Maji yakiganda hutoa joto, lakini yakikauka huchukua joto mara 7 na nusu zaidi kwa kila kilo. Dizeli ikikuishia saa kumi alfajiri, jani lako litakuwa baridi kuliko la jirani aliyelala zake. Ukiwasha, usizime mpaka barafu iyeyuke yenyewe. Kama mafuta au maji hayatoshi, usianze.

Na kama imeshapiga, usikurupuke kung'oa. Kiazi kichanga mara nyingi huchipua tena kutoka chini, kipe siku 7 hadi 10 ndipo uamue. Parachichi nalo usilipogoe haraka, subiri machipukizi yaonyeshe tawi limekufa mpaka wapi, ndipo ukate hapo.