Povu Linaanzia Kwenye Dumu

Kitaa ukisikia mtu katoa povu, unajua kamaindi kinoma. Geto kwetu hapa Bugarama neno limebadilika. Mwanangu mmoja anayepiga shifti mgodini Bulyanhulu alijichanga mkwanja akavuta mashine ndogo ya espresso, mtumba lakini nzima, yenye kibomba cha mvuke ubavuni. Jioni kabla hajaingia shifti ya usiku, masela tunakusanyika hapo, na ajenda ni moja tu: povu la maziwa.

Wiki ya kwanza lilituzingua vibaya. Kahawa ilitoka freshi, maana tulikuwa na robusta ya Bukoba, na robusta haina uchoyo: inakupa ile krema nzito ya rangi ya udongo juu ya kikombe. Kasheshe ilikuwa maziwa. Unafungulia mvuke, yanatoa mapovu makubwa kama ya sabuni ya kufulia, ukihesabu mpaka kumi yote chali. Tukaona mashine imechoka. Siku moja mwana akarudi na maziwa ya pakiti kutoka dukani, tukayajaribu, likatoka povu laini, zito, linang'aa. Mashine ileile, mkono uleule. Hapo ndipo nikasanuka kwamba povu linaanzia kwenye dumu.

Maziwa yetu yanatoka kwa mama mmoja wa Kisukuma mwenye ng'ombe nje ya mji. Yanakamuliwa alfajiri, yanamiminwa kwenye dumu la plastiki, dumu linafungwa nyuma ya boda, halafu ni mashimo mwanzo mwisho. Sasa nikusanue. Mafuta ya maziwa yamekaa kwenye vitone vidogo sana, kila kimoja na ngozi yake. Maziwa mabichi yakitikiswa sana, ngozi ile inapasuka, na kimeng'enya kiitwacho lipasi, ambacho kimo humohumo kwenye maziwa, kinaanza kuyavunja mafuta. Zinatoka asidi za mafuta, na hizo ndizo zinazoliua povu, hata kama ulimini bado huonji tofauti. Bibi zetu Usukumani wanaujua mtikiso siku nyingi. Maziwa yakisukwasukwa kwenye kibuyu, mafuta yanajitenga, wanapata siagi na kupika samli. Boda yetu ilikuwa inayasuka maziwa njia nzima bila sisi kujua.

Tukamfuata mama asubuhi, mwangaluka mayu, tukamweleza shida yetu kwa heshima zote. Siku hizi tunachukua wenyewe kwa miguu, dumu letu safi, na analijaza mpaka shingoni. Dumu likijaa, maziwa hayana pa kurukia.

Kuna jambo hapa sitaki mtu alichukulie poa. Mvuke wa mashine hausafishi maziwa mabichi, mwanangu. Povu tamu linaishia nyuzi 60 hadi 65, tena kwa sekunde chache. Vijidudu vya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe haviondoki kwa moto wa kupita. Kwa nyuzi 63 maziwa yanatakiwa yakae dakika 30 kamili ndipo yawe salama. Kwa 72, sekunde 15. Nyumbani huna kipimo, kwa hiyo bandika sufuria yachemke mpaka yapande. Tena chemsha ukifika tu, usingoje mchana, kwa sababu moto huo unaimaliza na ile lipasi. Yaache yapoe, engua utando, tia kwenye friji mpaka jioni.

Sasa unyama wenyewe. Jaza jagi la chuma kama nusu, maziwa yakiwa baridi kabisa. Kwanza puliza mvuke hewani, maji yaliyolala kwenye bomba yatoke. Chovya ncha chini kidogo tu ya uso wa maziwa, pembeni ya katikati, fungulia mvuke wote. Hapo kazi ni ya masikio: unatafuta mlio wa karatasi inayochanwa taratibu. Bomba likipiga yowe, umezamisha mno. Maziwa yakirukaruka, umepandisha mno. Kiganja kikae ubavuni mwa jagi. Likifika uvuguvugu wa mwili, hewa imetosha, zamisha bomba kidogo na uyaache maziwa yazunguke kwa kasi mpaka jagi likuchome ushindwe kulishika. Funga. Ukivuka 70 utamu unasepa, unabaki na harufu ya maziwa yaliyoungua. Gonga jagi mezani, lizungushe, mimina. Bomba lifute palepale kwa kitambaa chenye unyevu na upulize mvuke tena, la sivyo maziwa yanakaukia ndani na kesho limeziba.

Huna mashine? Usijisikie mnyonge. Espresso ndiyo inayotaka presha, kama baa 9 hivi; povu halina masharti hayo. Waitaliano kibao wanapikia kahawa nyumbani kwa birika la moka, lililotoka kwa Alfonso Bialetti mwaka 1933, na linakaa hata juu ya jiko la gesi. Au koroga Africafé nzito kwa maji kidogo ya moto. Maziwa yapashe, yatie kwenye birika la kioo lenye chujio la kusukuma, pandisha na kushusha kwa nguvu mara ishirini, thelathini. Umeme ukikata, sisi tunafanya hivyo, na kikombe kinatoka cha maana.

Mwana anashuka chini ya ardhi usiku kucha. Nataka kikombe cha mwisho anachokunywa juu kiwe kimetengenezwa vizuri. Na wewe kesho amka mapema, beba dumu safi, msalimie mama wa maziwa vizuri na umlipe bei yake bila kubana. Mwambie ajaze mpaka shingoni. Ukifika geto, chemsha kwanza.