Marafiki, mtaji na vitabu: somo kwa akina mama wa Mgololo

Na Mwandishi Wetu

KARATASI si kitu kigeni kwa mkazi wa Mgololo, wilayani Mufindi. Kiwanda cha Southern Paper Mills kilianza uzalishaji mwaka 1985 kwa kutumia miti ya msitu wa Sao Hill. Kilisimama katika miaka ya 1990, kikabinafsishwa mwaka 2004 na kuitwa Mufindi Paper Mills. Siku hizi kinajulikana zaidi kwa karatasi ngumu za kahawia za vifungashio.

Karatasi hushuka kutoka huku kwenda mijini. Kitabu hufuata njia ya kinyume: huchapwa mbali, hupandishwa milima, na kila hatua ya safari huongeza gharama. Hapo ndipo ilipo nafasi ya biashara. Swali ni kama marafiki watatu au wanne, ambao tayari wanawekeza pamoja katika kikoba, wanaweza kufungua duka la vitabu likadumu.

Waliothubutu

Mfano mzuri uko hapa hapa nchini. Mwaka 1989, jijini Dar es Salaam, wanawake wawili, Elieshi Lema na Demere Kitunga, walianzisha kampuni ya uchapishaji wa vitabu. Waliiita E&D, kwa herufi za mwanzo za majina yao, na baadaye ikajulikana kama E&D Vision Publishing. Wakati huo uchapishaji ulikuwa bado umeshikwa zaidi na mashirika ya umma. Kampuni ilitoa vitabu vya watoto na vya shule, na mwaka 2001 ikatoa riwaya ya Elieshi mwenyewe, Parched Earth. Demere naye alianzisha Soma Book Café huko Mikocheni, mahali ambapo mteja hupata kitabu, kinywaji na mazungumzo.

Nchini Kenya, Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, ambaye pia ni mwandishi wa riwaya, walianzisha taasisi ya Book Bunk mwaka 2017. Wao hawakufungua duka. Walichukua kazi ya kufufua maktaba za umma zilizochakaa jijini Nairobi, ikiwamo McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931.

Wote hawa hawakukaa kumsubiri msomaji aje. Walimtengenezea sababu ya kuja. Duka la Mgololo nalo litahitaji kusomea watoto hadithi Jumamosi, kukodisha riwaya kwa siku chache, na kupeleka vitabu mnadani siku ya gulio.

Hesabu ya duka

Tuchukue mfano. Marafiki watatu wanatoa Sh500,000 kila mmoja, jumla Sh1,500,000. Kodi ya chumba ni Sh60,000 kwa mwezi, nao wanalipa miezi sita, Sh360,000. Rafu na ukarabati Sh300,000, leseni na usafiri Sh240,000. Zinabaki Sh600,000 za kununulia bidhaa.

Kitabu cha Sh5,000 wakikipata kwa punguzo la asilimia 25, watakinunua kwa Sh3,750 na kubakiwa na Sh1,250. Mtaji wao unatosha vitabu 160. Ili kulipa kodi peke yake, lazima wauze vitabu 48 kila mwezi, na hapo hakuna hata mmoja aliyelipwa mshahara.

Kwa hiyo vitabu peke yake havitoshi. Daftari, kalamu, rula na mashine ya kutoa nakala ndivyo huleta mteja wa kila siku. Vilevile, ni vyema kuzungumza na wachapishaji ili wakupe baadhi ya vitabu kwa mali kauli: unalipa baada ya kuuza, na visivyouzika unarudisha. Hivyo fedha yako haifungwi kwenye rafu.

Ujue pia kuwa vitabu vya kiada si soko la kutegemea kama zamani. Mwaka 2013 serikali iliirudishia Taasisi ya Elimu Tanzania jukumu la kuandaa vitabu hivyo, na wachapishaji binafsi wakapoteza sehemu kubwa ya soko lao. Muuzaji mdogo aweke nguvu kwenye vitabu vya ziada, kamusi, hadithi za watoto, vitabu vya dini, na vile vya ufugaji na kilimo. Anayepanda miti au viazi atanunua kitabu kitakachomwongezea mavuno.

Angalia na msimu. Januari shule zinapofunguliwa mauzo hupanda, kisha hushuka. Mkulima hushika fedha baada ya kuvuna mahindi. Faida ya Januari isigawanywe yote. Ndiyo itakayolipa kodi ya Machi.

Urafiki na maandishi

Biashara nyingi za marafiki huvunjika kwa mambo yaliyokuwa hayajasemwa. Mmoja anakaa dukani kutwa, mwingine anakuja siku ya kugawana. Mmoja anampa shemeji yake daftari kumi "atalipa mwisho wa mwezi". Mwingine anahamia kwa mumewe Mbeya na kutaka fedha yake kesho.

Andikeni mapema: nani anakaa dukani na analipwa kiasi gani, nani anashika daftari la hesabu, nani anaruhusiwa kukopesha, na anayetoka analipwa vipi na kwa muda gani. Fungueni akaunti ya benki inayohitaji sahihi mbili. Sajilini jina la biashara BRELA, mkijua kuwa katika ubia wa kawaida deni la duka linaweza kumfuata kila mmoja hadi kwenye mali yake binafsi. Mkiandikisha kampuni yenye hisa, kwa kawaida kila mmoja hubanwa na kiasi cha hisa zake tu, ila taratibu na gharama huongezeka.

Wapo watakaoona kuandikiana ni kutoaminiana. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Marafiki waanze na daftari hilo moja, kisha ndipo waagize vitabu vya kuuza.