Bafu linapopiga shoti: Usitegemee sakiti breka kuokoa familia yako

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Njombe haina mzaha. Mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri nyingine sakitu hulala juu ya nyasi na mashamba ya viazi. Kumwogesha mtoto kwa maji ya bomba saa kumi na mbili asubuhi ni kumtafutia mafua. Ndiyo maana shawa za umeme na hita za kutumbukiza kwenye ndoo zinaonekana katika nyumba nyingi, kuanzia mitaa ya Njombe mjini hadi vyumba vya kupanga vya Makambako.

Pamoja na hita hizo, kuna lalamiko linalochukuliwa kuwa la kawaida: "Bafu letu linapiga shoti kidogo." Mtu anafungua koki, anahisi mchomo kwenye vidole, anavaa ndala na kuendelea kuoga. Msomaji, shoti hiyo ndogo ni onyo kwamba umeme umeshatoka mahali pake na unatafuta njia ya kwenda ardhini. Siku hali ikibadilika kidogo tu, njia hiyo itakuwa mwili wako.

Kinachotokea mwilini

Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230. Ngozi kavu huuzuia kwa kiasi fulani, lakini ngozi iliyolowa maji ya sabuni hupoteza sehemu kubwa ya kinga hiyo. Ukinzani wa mwili uliolowa unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Gawanya 230 kwa 1,000, unapata ampea 0.23, yaani miliampea 230.

Je, hizo ni nyingi? Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, aliwapima watu waliojitolea ili kujua ni umeme kiasi gani unaomfanya mtu ashindwe kuachia alichoshika. Wastani kwa wanaume ulikuwa miliampea 16, na kwa wanawake miliampea 10.5. Misuli hukaza, mkono ukabaki umeng'ang'ania koki. Umeme unaozidi miliampea 30, ukipita kifuani kwa muda, unaweza kuufanya moyo utetemeke ovyo badala ya kudunda kwa mpangilio. Damu haisukumwi tena, na ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache.

Kwa nini breka haizimi

Familia nyingi huamini kwamba kukiwa na hatari, sakiti breka itajizima. Shawa ya wati 5,400 hutumia karibu ampea 23, hivyo fundi huifungia breka ya ampea 32. Breka hiyo iko pale kulinda waya zisiungue. Umeme wa ampea 0.23 unaoweza kumuua mtu hauishtui hata kidogo.

Kinachomlinda mtu ni vitu vitatu vinavyofanya kazi pamoja.

Cha kwanza ni ethi, ule waya wa kijani wenye mstari wa njano. Unatoka kwenye shawa, unapita kwenye meinswichi na kuishia kwenye nondo ya shaba iliyofukiwa ardhini nje ya nyumba. Koili ikipasuka au waya ukichubuka, umeme unaovuja unapata njia ya kwenda ardhini bila kupitia kwako.

Lakini nondo peke yake haitoshi, hasa huku kwetu. Udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida, na miezi ya baridi ya Njombe ndiyo miezi ya kiangazi. Hita zinatumika zaidi wakati ethi ni dhaifu zaidi. Nondo yenye ukinzani wa omu 20 hupitisha ampea zisizozidi 12, na breka ya 32 inabaki imewaka huku bomba likiwa na umeme.

Hapo ndipo kinahitajika kitu cha pili: kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Hulinganisha umeme unaoingia na unaorudi; tofauti ikifika miliampea 30, kinakata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ni Dalziel huyohuyo aliyebuni kifaa cha namna hii kwa matumizi ya Marekani mwaka 1961.

Cha tatu ni kuunganisha vyuma vyote vya bafuni, yaani mabomba, koki na fremu, kwa waya mmoja kwenye ethi ileile. Hatari hutokea unapogusa vitu viwili vyenye umeme usiolingana: mkono kwenye koki, mguu kwenye sakafu yenye maji. Vyuma vikiunganishwa, tofauti hiyo hupungua sana. Hili ni muhimu zaidi kwenye nyumba za wapangaji zenye mabomba ya chuma, kwa sababu hita mbovu ya chumba kimoja inaweza kupeleka umeme kwenye koki ya jirani.

Njia za mkato zinazoua

Wapo mafundi wanaokata waya wa kijani kwa kuwa nyumba haina ethi. Wengine huufunga kwenye nyutro. Nyutro ikikatika, mwili wote wa hita unakuwa na umeme. Wengine hung'oa RCD kwa sababu "inazima kila mara". Kifaa kinachozima kila mara kinakwambia kuna uvujaji. Tafuta unakotoka, au badilisha shawa uchukue yenye koili iliyofunikwa.

Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, na umwombe akuonyeshe. Mwambie apime ethi kwa kifaa, si kwa macho. Swichi ya shawa ikae nje ya bafu. Kila mwezi bonyeza kitufe cha majaribio kwenye RCD. Kisipozima umeme, kibadilishwe. Wapangaji, liulizeni hili kabla ya kulipa kodi ya miezi sita.

Kwa hita ya ndoo, tumia ndoo ya plastiki, weka mbali na watoto, na chomoa kwenye soketi kabla ya kugusa maji. Usipime joto kwa kidole umeme ukiwa umewaka.

Mtu akinaswa

Usimshike. Zima meinswichi kwanza. Ikishindikana, simama mahali pakavu na umsukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, mlaze chali, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mwingine apige 114 kuomba Zimamoto na Uokoaji. Usiache hadi msaada ufike au aanze kupumua.

Hata aliyeinuka mwenyewe akasema yuko sawa anapaswa kufika hospitali siku hiyohiyo, hasa mjamzito, mtoto, au aliyezimia. Mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika bila dalili za nje, na kuungua kwa umeme huweza kuwa kudogo juu ya ngozi na kukubwa ndani.

Na kama bafu lenu linapiga shoti leo, msioge humo jioni hii. Zimeni breka ya hita, chemsheni maji jikoni, na kesho aitwe fundi.